Gari la rali la Mwanza kwenye barafu ya Makete: maji ya rejeta, matairi na usiku mmoja

FundiWaIgoma

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nina gereji Igoma, Mwanza. Kwa miaka sasa nahudumia gari la rali la jamaa zangu wawili, Subaru Impreza yenye injini ya EJ20. Mwezi wa saba tunapanda tena nyanda za juu kusini, na kabla hatujafunga mizigo nimeona niandike yaliyotukuta mwaka jana. Kila nilipouliza habari za baridi na gari la mashindano nilijibiwa kwamba Tanzania hakuna barafu, nihangaike na joto. Barafu ipo. Na sisi watu wa ziwani ndio inatukuta tukiwa hatuna habari nayo.

Fikirieni gari letu linavyoishi. Mwanza tuko mita 1,140 hivi kutoka usawa wa bahari, ziwa liko pembeni, na asubuhi ya baridi kwetu ni nyuzi 16 au 17, watu wanatoa makoti. Kwa hiyo kila kitu kwenye gari tumekipanga kupambana na joto: oili nzito, matairi ya mpira mgumu yasiyoliwa haraka na kokoto, na kwenye rejeta maji matupu ya bomba. Maji matupu yanapoza kuliko maji yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, ile ya kuzuia kuganda na kutu, hilo fundi yeyote wa mbio analijua. Sasa lichukue gari hilo, lipakie kwenye trela, lipite Shinyanga, Singida, Dodoma, Iringa, Makambako, Njombe, ulishushe upande wa Makete jirani na tambarare za Kitulo, karibu mita 2,700. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu. Hapo bado usiku haujaingia.

Tulifika jioni, tukaiwasha injini kidogo kuisikiliza, tukazima. Tulikuwa tumelaza gari bondeni karibu na kijito kwa sababu ya maji ya kuoshea, na boneti tuliiacha wazi kwa kuwa kesho yake kulikuwa na kazi ya mapema kwenye turbo. Anga halikuwa na wingu hata moja. Kwa mtu wa Mwanza anga la namna hiyo ni heri, mvua hakuna. Kule lina maana nyingine. Bila wingu ardhi inatoa joto lake lote usiku, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kujaa bondeni kama maji.

Niliamka saa 11 na nusu alfajiri. Nyasi nyeupe kote. Turubai lililofunika matairi ya akiba lilikuwa limekakamaa, nikilikunja linalia kama bati. Kipimajoto nilichotundika kwenye kioo cha pikapu kilisoma nyuzi 3 chini ya sifuri. Injini iliwaka kwa kusitasita, ikatulia, nikashukuru Mungu. Dakika ya sita mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikashika mpira wa juu wa rejeta: moto. Nikashika wa chini: baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Maji hayazunguki. Nikazima hapohapo.

Rejeta haikuvuja hata tone. Ilivuja saa 3 asubuhi, jua lilipoipiga. Mirija miwili ya chini, ile bapa ya alumini, ilikuwa imepasuka kwa urefu kama ganda la karanga, na barafu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba ufa. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na yakikosa pa kwenda yanapasua kilichoyafunga. Bloki, yaani mwili wa injini wenyewe, ilinusurika kwa sababu ina unene na ilikuwa bado na joto la jioni. Tungelala usiku wa pili pale na maji yaleyale, leo ningekuwa naandika habari ya kununua injini.

Tulipata rejeta ya kuazima kutoka Mbeya, tukapoteza siku nzima. Siku iliyofuata dereva akatoka, na kilomita ya kwanza tu, kwenye kona iliyofunikwa na miti, gurudumu la mbele kushoto likagonga jiwe ambalo kwa kawaida tungelipita. Rimu ikajikunja, tairi likatoka kwenye ukingo. Nikapima yale matatu yaliyobaki. Mchana wa jana yake, matairi yakiwa yameota jua, nilijaza upepo wa PSI 26 (PSI ndicho kipimo cha msukumo wa hewa) yote manne. Sasa yalisoma 21 na ushee. Hakuna lililovuja.

Kwa hiyo ninachotaka kusema ni hiki: baridi haikutuumiza tukiwa kwenye mbio. Ilituumiza gari likiwa limesimama, usiku, sisi tumelala. Maandalizi yote ya mwaka huu nimeyaelekeza kwenye saa zile kati ya jua kuzama na injini kuwaka. Nakaribisha wenye uzoefu, hasa mlioko kwenye baridi ya kweli.

Mkinga_Halisi

Fundi pole. Mimi ni wa hukohuko Makete, nimezaliwa kwenye hiyo baridi. Magari yetu mengi yana maji ya kawaida na yanaamka kila siku. Nadhani unaogopesha watu.

Ila kosa lenu naliona, mlilala bondeni. Hakuna mwenyeji anayelaza gari bondeni mwezi wa saba, hata viazi vya bondeni ndivyo vinavyoungua kwanza. Laza gari mgongoni mwa kilima ambapo upepo unapita, au ukutani mwa nyumba upande uliopigwa na jua la jioni. Ukipanda hatua mia mbili tu kutoka kijitoni utakuta nyasi hazina kitu.

FundiWaIgoma

Mkinga, asante, na hili la viazi nalishika kama lilivyo. Sikatai kwamba magari yanaamka. Lakini gari la kwako boneti imefungwa, injini imetembea hadi saa 2 usiku, na limelala ukutani. Letu lilikuwa uchi, na rejeta yake ni ya mbio, alumini nyembamba iliyotengenezwa kutoa joto haraka. Kilichotengenezwa kutoa joto haraka mchana kinalitoa haraka na usiku.

Dada_Mwaloni

Kaka Igoma, nimesoma uzi wako nikiwa nimekaa juu ya friza la samaki hapa Kirumba, nikajiuliza kwa nini unasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutafuta baridi wakati Mwanza nzima inaishi kwa barafu. Sangara bila barafu ni hasara. Friza langu linashika nyuzi 18 chini ya sifuri. Niletee hayo maji yako na kipande cha tairi, tujaribu hapahapa.

FundiWaIgoma

Wadau, dada huyu amenifungulia macho. Jana nimempelekea chupa nne na vipande viwili vya matairi vilivyofungwa vizuri kwenye mifuko, leo saa 1 asubuhi tumetoa. Naandika tulichokiona.

Chupa ya kwanza, maji ya bomba: jiwe, na chupa ya plastiki imetuna hadi haisimami. Ya pili, robo dawa ya rejeta na robo tatu maji: imekuwa kama barafu ya kusaga, ukiigeuza inashuka polepole. Ya tatu, nusu kwa nusu: inatiririka kama sharubati nzito kidogo, hakuna punje ya barafu. Hii ndiyo inayotakiwa. Nusu kwa nusu ya glaiko ya ethilini inavumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na theluthi moja ya dawa inakufikisha karibu 18 chini ya sifuri. Na msifikiri kujaza dawa tupu bila maji ni bora zaidi. Ikiwa tupu inaganda mapema kuliko ikichanganywa, na inapoza vibaya.

Chupa ya nne ndiyo iliyoniumiza roho. Ilikuwa ni hiyo ya kijani inayouzwa tayari kwenye galoni, imeandikwa kwamba haihitaji kuongezwa maji. Nilinunua mwenyewe kwenye duka moja hapa mjini. Imeganda yote, ngumu sawa na ya bomba, tofauti ni rangi tu. Maji ya rangi. Watu wanatoa hela zao wakiamini injini imelindwa, na hata kama gari halitoki Mwanza, huenda maji hayo hayana hata kinga ya kutu wanayodhani wanayo. Kuanzia leo kila galoni linaloingia gereji kwangu, kifuniko kimoja kinalala friza kwanza. Jaribio la usiku mmoja, na mwenye friza yumo kila mtaa wa Mwanza.

Sasa matairi. Kipande cha kwanza ni cha tairi letu la kokoto, mpira mgumu. Gereji ukikibana kashata, yaani zile tofali za mpira zinazogusa barabara, kwa kidole gumba linasogea kidogo. Likitoka kwenye friza halisogei kabisa, ukucha hauachi alama, na dada alipokiangusha kwenye sakafu kililia kama kipande cha mninga. Kipande cha pili ni cha tairi la theluji nililokuta kwenye gari lililoingizwa kutoka Japani, lile lenye vipasuo vingi vyembamba juu ya kashata. Kimetoka kwenye baridi ileile, na bado ukucha unazama. Tulivishika mkono huu na huu. Sikuhitaji mtu kunieleza zaidi.

Navigeta_Mstaafu

Vijana hongereni. Nimekaa kiti cha kushoto, cha navigeta anayemsomea dereva njia, miaka mingi, naomba niongeze hesabu ya upepo kwa sababu fundi ameigusa akaiacha.

Geji ya tairi haipimi hewa yote iliyomo ndani, inapima tofauti kati ya ndani na nje. Nje kwenu Mwanza hewa ina msukumo wa PSI 12.8 hivi. Kwenye mita 2,700 ni 10.6 hivi. Ukijaza 28 Mwanza kwenye nyuzi 30, ndani kuna 40.8 kwa ukweli wake. Lipeleke tairi hilo kwenye nyuzi sifuri: 40.8 zidisha 273 gawa kwa 303 (ndizo nyuzi sifuri na nyuzi 30, kila moja ukiiongezea 273), unapata 36.8. Toa 10.6 ya nje, geji itasoma 26. Yaani baridi imekunyang'anya PSI 4 na mlima umekurudishia mbili. Mtu akikwambia upepo unashuka kwa baridi, na mwingine akakwambia unapanda kwa mwinuko, wote wawili wako sahihi.

Kilichowaumiza ninyi ni kwamba mlijaza mlimani kwenyewe, mchana, mpira mweusi umeota jua. Hapo mlima haukurudishi chochote, umeachiwa baridi peke yake. Tairi lililoota jua linafika nyuzi 35 bila shida. Kutoka 35 hadi 2 chini ya sifuri, ile 26 yenu inakuwa 21 na nusu. Nimeifanya hesabu na imelingana na geji ya fundi.

Hewa ya kompresa nayo ina unyevu. Mwanza hasa, ziwa lote lile. Unyevu ule ndani ya tairi unafanya upepo upande na kushuka kuliko hesabu inavyosema. Mkipata naitrojeni jazeni, faida yake kubwa ni kwamba ni kavu. Msipoipata, mwageni maji ya tangi la kompresa kabla ya kujaza, watu wanasahau hili miezi na miezi.

FundiWaIgoma

Mzee wangu shikamoo. Hii 40.8 naiandika ukutani gereji. Tangi la kompresa nimelifungua sasa hivi nikiwa nasoma ujumbe wako, limetoka karibu kopo zima la maji ya kahawia.

Navigeta_Mstaafu

Marahaba. Na usiogope injini kukosa nguvu kule. Hewa ya mlimani ni nyepesi, lakini baridi inaikaza. Kwenye nyuzi sifuri mita 2,700 unapungukiwa na kama asilimia 9 ya uzito wa hewa ukilinganisha na mchana wa Mwanza. Hewa ingekuwa na joto la Mwanza kwa mwinuko uleule, ungepungukiwa na mara mbili ya hiyo. Alfajiri ndiyo saa ya nguvu, kama matairi yatakubali.

Msukuma_Umea

Salamu kutoka Umeå, Sweden. Mimi ni wa Magu, niko huku kimasomo, na mji huu ndio makao ya Rally Sweden tangu 2022. Nimeona uzi huu nikakumbuka gereji za nyumbani.

Huku matairi ya rali ya theluji ni membamba. Wengi wa nyumbani wanadhani tairi pana ndilo linaloshika. Kwenye theluji jembamba linakata hadi chini kwenye barafu ngumu, na pale ndipo misumari inapouma. Tairi moja la magari ya juu lina misumari 384, ncha zake ni za tungsteni. Ninyi hamuhitaji hayo, barafu yenu inayeyuka kabla ya saa 4. Lakini yako mambo mawili ya huku yatakayowafaa.

Mosi, matairi ya mbio na ya kiangazi hayalali nje wakati wa baridi. Watengenezaji wanaonya kwamba mpira wa namna hiyo ukishuka chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri unaweza kupasuka ukikunjwa tu, si lazima ukimbie. Kusukuma gari lililolala nje kunatosha. Kuliangusha tairi kutoka kwenye pikapu kunatosha. Likishafikia hapo linaachwa kwenye joto la nyuzi 5 au zaidi kwa saa 24 ndipo liguswe. Kwa hiyo dada wa Kirumba alivyokiangusha kile kipande sakafuni, kwa tairi zima ingekuwa hasara.

Pili, injini huku zinapashwa moto kwa umeme kabla ya kuwashwa. Kuna kipasha joto kinachowekwa kwenye mzunguko wa maji, kwenye maegesho kuna soketi, gari linachomekwa kama simu. Timu za mbio zinapasha na oili. Oili nzito ikiwa baridi inachelewa kufika juu, na sekunde zile za kwanza ndizo zinazokwangua chuma.

KahawaBukoba

Wakuu samahani, mimi sina rali, nina IST tu na nasafiri Njombe msibani wiki ijayo kutoka Bukoba. Je na mimi nifanye haya yote?

FundiWaIgoma

Pole kwa msiba ndugu. Hapana, si yote. Badilisha maji ya rejeta uweke nusu kwa nusu, pima betri, pima upepo asubuhi kabla ya kutembea. Kioo kikiganda usimwagie maji ya moto, kitapasuka. Washa gari, elekeza hewa ya joto kwenye kioo, subiri. Safari njema na Mungu awatie nguvu.

Kijana_Pasiansi

Fundi betri yenu ni ya aina gani? Nasikia siku hizi wa mbio wanafunga za lithiamu kwa sababu ya uzito.

FundiWaIgoma

Tunayo ya lithiamu, lakini safari hii nimeivua nimerudisha ya asidi ya kawaida. Lithiamu ya aina ile haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani bila kuonyesha. Injini ikiwaka tu alteneta inaanza kuichaji, huna namna ya kuizuia. Ya asidi ina uzito lakini inavumilia, sharti iwe imejaa. Ikisoma volti 12.6 au zaidi haitaganda kwa baridi yoyote ya nchi hii. Iliyoisha maji yake yanakaribia kuwa maji matupu, nayo inaganda. Hata ikiwa imejaa, kwenye nyuzi sifuri nguvu yake ya kupiga stata imepungua, na oili imekuwa nzito zaidi, vyote kwa wakati mmoja. Usiku naivua nalala nayo ndani ya hema.

Nimalizie na mengine ambayo watu wameniuliza pembeni.

Oili tumetoka 20W-50 kwenda 5W-40. Ile namba kabla ya W ndiyo ya baridi, ya nyuma ni ya joto. Na dereva ameshaambiwa: mguu hauendi chini mpaka oili ifike nyuzi 70. Geji ya maji inadanganya hapa, maji yanapata moto mapema kuliko oili.

Hendibreki usiku haivutwi. Ukiosha gari au ukipita mtoni jioni halafu ukavuta, pedi zinagandana na diski. Weka gia, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Pedi zetu ni za mbio, zikiwa baridi hazishiki vizuri, kwa hiyo kabla ya kuanza dereva anakanyaga breki akiwa anatembea, mara kadhaa, mpaka zipate moto. Shokapu nazo, oili yake inakuwa nzito na gari linakuwa gumu kilomita za mwanzo. Hatubadilishi mpangilio kwa sababu ya kilomita mbili za mwanzo.

Maji ya kunyunyizia kile kipoza hewa cha turbo nilikuwa nimeyasahau kabisa. Yako kwenye tangi la plastiki nyuma, na pampu yake ni ndogo. Mwaka huu tangi linasafiri tupu, linajazwa baada ya jua kutoka.

Yapo mashindano ambayo dawa ya glaiko imekatazwa, hasa kwenye viwanja vya lami, kwa sababu ikimwagika inateleza sana na haioshiki kwa urahisi. Soma kanuni za mnakokwenda. Ikiwa imekatazwa unabaki na njia moja: maji yanatolewa yote kila jioni. Na yote maana yake ni yote, bolti ya chini ya rejeta na bolti ya kumwagia maji kwenye bloki, na kile kirejeta kidogo cha hita kama bado kimo. Ukifungua rejeta peke yake bloki inabaki na maji yake. Halafu asubuhi ukijaza, Subaru inataka subira kutoa hewa, usiharakishe.

Matairi tumepata manne ya mpira laini zaidi kwa ajili ya alfajiri, mitumba lakini mazima. Nimeyachonga mwenyewe mifereji ya ziada kwa kile kisu cha umeme. Kashata likiwa na mifereji zaidi linacheza zaidi, likicheza linajipasha moto. Saa 4 jua likishakausha barabara tunarudi kwenye yale magumu, maana laini kwenye kokoto kavu lingekatika vipande. Usiku yote yanalala ndani ya kontena, juu ya mbao, hayagusi sakafu.

Mkinga_Halisi

Fundi kirejeta cha hita msikitoe. Mkishaanza kupumua watu wawili ndani ya gari baridi, kioo kinakuwa maziwa. Nimeona dereva anaendesha kichwa nje.

FundiWaIgoma

Kilikuwa kimetolewa kupunguza uzito. Nimekirudisha jana. Kilo chache, nazikubali.

Halafu jambo la kurudi, ambalo mwaka jana hatukuliona hadi lilipotokea. Gari likishuka kutoka kwenye baridi likaingia hewa ya ziwa, linatoka jasho. Diski zinashika kutu usiku mmoja, plagi za nyaya zinalowa, na tangi la mafuta likiwa nusu unyevu unaingia ndani. Tunajaza tangi kabla ya kuteremka, na tukifika Igoma gari linaachwa milango wazi, kavu, siku nzima kabla ya kufunikwa.

Dada_Mwaloni

Mnaondoka lini? Mkirudi mniletee pea za huko, nimelaza mipira yenu na samaki wangu.

FundiWaIgoma

Alhamisi usiku dada. Pea zako zimo kwenye orodha.

FundiWaIgoma

Wadau, naandika kutoka huku juu, mtandao unakuja na kuondoka.

Tumelala mgongoni mwa kilima, mahali alipotuelekeza Mkinga, boneti imefungwa na blanketi juu yake. Saa 12 kasoro robo asubuhi kipimajoto chetu kimesoma nyuzi 1 chini ya sifuri. Nimeteremka na kingine hadi kwenye kile kijito cha mwaka jana: 4 chini ya sifuri, na nyasi nyeupe hadi kwenye ukingo wa maji. Huku juu ni umande tu kwenye nyasi, na ganda jembamba la barafu juu ya ndoo.

Matairi niliyajaza 28 Igoma kivulini, sijayagusa njiani. Hesabu ya mzee ilisema 26. Geji imesoma 26, 25 na nusu, 26, na la nyuma kulia 24. Nimelipaka maji ya sabuni, vapo (kile kimdomo cha kujazia upepo) inatoa povu. Nimebadilisha vapo.

Betri nimeitoa kwenye hema, 12.7. Injini imewaka mara ya kwanza. Nimeshika mpira wa chini wa rejeta mpaka nikausikia unapata moto, ndipo nikamwita dereva. Sasa amekaa anasubiri oili, iko 58.

Navigeta_Mstaafu

Hiyo vapo ya nyuma kulia, angalia na kofia yake, iwe ya chuma yenye mpira ndani. Ya plastiki haizuii kitu.

FundiWaIgoma

Ilikuwa ya plastiki. Nimebadilisha zote nne. Oili 70, anaondoka.